NBA 2K: ninunue ya mwaka huu au nibaki na ya zamani?

*Habari za kazi, mtaalamu. Nina PS4 Slim ya GB 500 na diski ya NBA 2K20 ninayoicheza mpaka leo. Nina na laptopu: Core i5 ya kizazi cha 9, kadi ya grafiki GTX 1650 yenye GB 4, RAM GB 8. Muuzaji mmoja hapa mjini ananiuzia diski mpya ya NBA 2K26 ya PS4 kwa bei kamili, anasema ni kitu kipya kabisa. Washikaji wananiambia nisitupe hela, kila mwaka ni gemu ileile, wanabadilisha majina na jezi tu. Mimi nacheza peke yangu zaidi, bando langu ni la kubana, na ninachokitaka hasa ni kuanza na Bulls ya Jordan nikaiendesha timu miaka na miaka. Halafu nilijaribu 2K25 kwenye PS5 ya banda la gemu, mitupo yangu yote ikakataa, wakati kwenye 2K20 natupia tatu bila shida. Ninunue ipi, ya mashine ipi, na lini?*

Ndugu yangu, umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini yote yananing'inia kwenye ule ubishi wenu na washikaji, kwa hiyo tuanzie hapo. Wao wamesema kweli. Muuzaji naye hajadanganya sana. Tatizo ni kwamba hawaongelei gemu moja.

Studio ya Visual Concepts ilitoa gemu ya kwanza ya mfululizo huu wa mpira wa kikapu mwaka 1999 kwa ajili ya Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, Allen Iverson akiwa kwenye kava. Mwaka 2005 Sega iliiuza studio hiyo kwa kampuni ya Take-Two, na tangu wakati huo gemu hutoka kila mwaka kabla ligi haijaanza, siku hizi mwanzoni mwa Septemba. Mpaka hapo ni kitu kimoja chenye jina moja. Mambo yalibadilika mwaka 2020. NBA 2K21 ilitoka Septemba kwa PS4, Xbox One na kompyuta, Damian Lillard akiwa kwenye kava. Novemba, PS5 na Xbox Series X zilipoingia sokoni, ikatoka tena kwa jina lilelile, kava ya Zion Williamson, lakini ikiwa imejengwa upya: mwendo wa miguu, kugongana kwa miili, mtaa wa kuchezea mtandaoni, mpaka namna ya kuendesha timu. Kuanzia mwaka ule kila 2K ni gemu mbili zinazotembelea jina moja. Ile ya PS4 imebaki kwenye msingi uleule wa 2K20 unayoijua, ikiongezewa vikosi vipya, jezi, muziki na marekebisho madogomadogo. Ile ya PS5 ndiyo inayopewa kazi kubwa ya mwaka.

Kwa hiyo mtu mwenye PS4 akikwambia kila mwaka ni ileile, ameona sawasawa. Mwenye PS5 akikataa, naye ameona sawasawa. Ukinunua diski ya 2K26 ya PS4 utapata Shai Gilgeous-Alexander kwenye kava na vikosi vya msimu wa 2025-26, lakini ukishika pedi, mikono yako itatambua mara moja kwamba iko nyumbani kwa 2K20. Kama lengo lako ni kumchezea Victor Wembanyama, ambaye 2K20 haimjui kabisa, hiyo ni sababu halali ya kununua. Kwa Bulls ya Jordan, hela itakwenda bure, na nitakueleza kwa nini.

Lakini kwanza kompyuta, maana watu wengi hukosea hapo. Kompyuta haifuati PS5 moja kwa moja. Mwaka 2013 PS4 ilipotoka, NBA 2K14 ya kompyuta ilikuwa bado ile ya PS3, na 2K15 ndiyo ya kwanza kuletwa kwa kiwango cha PS4. Jambo lilelile likajirudia kwa muda mrefu zaidi: 2K21, 2K22, 2K23 na 2K24 za kompyuta zote zilikuwa za kiwango cha PS4, ingawa zilitoka wakati PS5 ipo. Wachezaji wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walichoka, na 2K24 ikapokelewa vibaya kupita kiasi. Mwaka 2024, na NBA 2K25 yenye Jayson Tatum kwenye kava, ndipo kompyuta ilipopewa gemu kamili ya PS5. Shika mpaka huo vizuri, kwa sababu utakutana na 2K24 ya kompyuta ikiuzwa kwa bei ya kutamanisha. Ukiinunua utakuwa umenunua tena kile ulicho nacho. Kwenye kompyuta, rukia 2K25 au 2K26. Katikati hapo hapana kitu kwa ajili yako.

Sasa Jordan. Unachokieleza ni hali ya MyNBA yenye vipindi vya kihistoria, na iliingia kwenye 2K23 ya PS5 na Xbox Series. Unachagua kuanzia msimu wa 1983-84, wakati wa Magic Johnson na Larry Bird, au 1991-92, kipindi cha Jordan, au 2002-03, kipindi cha Kobe Bryant, au leo. 2K24 ikaongeza kipindi cha LeBron James kinachoanza 2010-11, na 2K25 ikaongeza cha Stephen Curry kinachoanza 2016-17. PS4 haijawahi kupata hata kimoja. Huko mpaka leo kuna MyLEAGUE na MyGM, unaendesha timu miaka mingi, lakini unaanzia msimu wa sasa.

Utamu wa vipindi hivi hauko kwenye majina tu. Gemu inazivaa sheria za wakati ule na jinsi mpira ulivyochezwa. Ukianza 1983 ligi ina timu 23. Charlotte na Miami hazijazaliwa, na mwaka wake ukifika unaulizwa kuhusu kuongeza timu. Ulinzi wa kanda ulikuwa marufuku mpaka 2001, kwa hiyo kwenye kipindi cha Jordan huwezi kumjazia mtu watatu chini ya kikapu bila mtu wa kumkaba. Ndiyo maana mchezaji mmoja mwenye kasi anaweza kuivunja timu nzima akiachiwa upande wake. Mabeki walikuwa wanaruhusiwa kumshikashika mwenye mpira kuliko leo. Mitupo ya pointi tatu ni michache: makocha wa kompyuta hawaitafuti, na vikosi vingi havina watu wa kuitupa. Mtu aliyezoea 2K20, ambako kila pembe ya uwanja ina mtu anayengoja mpira nje ya mstari, hufungwa mechi zake za mwanzo. Lisha mpira ndani, tumia mtupo wa katikati, pigania ribaundi. Picha nayo inachakazwa ifanane na televisheni ya miaka hiyo, na ikikuchosha macho unaizima.

Ukiianza 1991, Bulls wameshatwaa ubingwa wao wa kwanza. Raha ni kuona kama utawabakisha Jordan na Scottie Pippen pamoja kupita Oktoba 1993, mwezi ambao Jordan alitangaza kustaafu kwa mara ya kwanza. Usitegemee historia ijirudie yenyewe. Ukishaanza, gemu inaendesha ligi yake: biashara za wachezaji, majeraha na uchaguzi wa wachezaji wapya vinakwenda njia nyingine. Jambo moja linawaudhi wapenzi wa historia, nawe ulijue mapema: Charles Barkley na Reggie Miller hawamo kwa sababu ya makubaliano ya haki za majina na sura, na nafasi zao zinajazwa na wachezaji wa kubuni. Mashabiki huwatengeneza wenyewe na kuwaweka mtandaoni ili wengine wawapakue. Fanya hivyo kabla ya kuanza msimu, siyo katikati.

Kabla hujanunua chochote, kumbuka kwamba hata 2K20 yako ina Bulls ya 1995-96 kwenye timu za kihistoria za mechi ya mara moja. Ina na 76ers ya 2000-01, Iverson akicheza na Dikembe Mutombo wa Kongo. Na kama moyo wako uko kwa Jordan kuliko kwenye kuendesha timu, tafuta diski iliyotumika ya 2K23 ya PS4. Mwaka ule walirudisha mashindano ya Jordan yaliyokuwa yamewika kwenye 2K11: mechi 15 maarufu za maisha yake, kuanzia fainali ya vyuo ya 1982, kila moja ikiwa na malengo ya kutimiza. Si msimu wa kuendesha, lakini ni Jordan halisi kwenye mashine uliyo nayo, kwa bei ya diski kuukuu.

Tuje kwenye mitupo iliyokukataa. Mkono wako hauna tatizo. Kwenye gemu hii kila mchezaji ana mwendo wake wa kurusha, na ndani ya mwendo huo kuna kipande kifupi cha muda ambacho ukiachia kitufe mpira unaingia. Upana wa kipande hicho hutegemea uwezo wa mchezaji, umbali wa beki, uchovu na kiwango cha ugumu. Kwa miaka yote hii mkono wako umekariri mwendo wa 2K20. Tangu 2K24, toleo la PS5 linatumia teknolojia ya ProPlay, inayochukua mwendo kutoka kwenye video za mechi halisi za NBA, hivyo mitupo ya wachezaji wengi imebadilika: mpira unaondoka mkononi mapema au kwa kuchelewa kuliko ulivyozoea. Juu yake, 2K25 ilileta mambo mawili mapya. La kwanza ni chaguo la hatari. Ukichagua hatari ndogo, ukikosea kidogo mtupo bado una nafasi ya kuingia, ila huwi na uhakika kamili hata ukipatia. Ukichagua hatari kubwa, ukipatia unaingia na ukikosea kidogo tu umekosa. Kwenye banda, aliyecheza kabla yako huenda aliacha hatari kubwa, na wewe ukadhani mkono umekufa. La pili ni kurusha kwa mdundo kwa kutumia kijiti cha kulia: unakivuta chini mchezaji anapoinua mpira, kisha unakisukuma juu kwa kasi inayolingana na mkono wake. Haitoshi kuwahi, kasi nayo inapimwa.

Ukipata gemu yako, fanya hivi. Ingia kwenye mazoezi ya peke yako, weka hatari ndogo, kiwango cha ugumu cha Pro, na mchague mchezaji mmoja tu. Mtupe kutoka sehemu ileile ya uwanja mpaka uache kuangalia kipimo na uanze kuangalia mwili wake: magoti yanapoinuka, mpira unapofika juu ya paji la uso, mkono unaposukuma, mpira unapoondoka. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua ni ipi kati ya dalili hizo ihesabiwe kuwa wakati wako wa kuachia. Ukizoea kuona mkono ukisukuma, chagua hiyo na usiibadilishe kila siku. Ukishamweza mmoja ndipo umchukue wa pili. Anayeanza na Stephen Curry hujiharibia, kwa sababu mkono wake ni wa haraka mno na ukihamia kwa mwingine unaachia mapema kila mara.

Halafu angalia runinga. Runinga nyingi za kisasa husafisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye filamu hulioni. Kwenye mtupo linamaliza kile kipande chote cha muda. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya runinga, na kwenye laptopu chomeka pedi kwa waya wa USB badala ya Bluetooth. Ukicheza mtandaoni ukiwa Afrika Mashariki kuna ucheleweshaji wa tatu usioweza kuufuta: seva ziko mbali nasi, na ishara lazima isafiri. Hiyo ndiyo sababu mtu anayetupia vizuri peke yake akiingia mtandaoni anaonekana mgeni. Kwa kuwa wewe hucheza peke yako, hili lisikunyime usingizi.

Na kwa kuwa unacheza peke yako, jua ni nini kinahitaji mtandao. MyCAREER ya kisasa, ya kumkuza mchezaji wako mmoja, na MyTEAM, ya kukusanya kadi za wachezaji, zinaegemea seva za kampuni. Mechi ya mara moja na MyNBA unayoihifadhi kwenye mashine yako hazihitaji, ukishapakua gemu na vikosi. Tofauti hii ina uzito mkubwa ukizingatia kwamba seva za kila toleo huzimwa baada ya miaka kama mitatu na kidogo. Za 2K20 zilizimwa mwisho wa 2022, za 2K21 mwisho wa 2023. Zikizimwa, MyCAREER uliyoijenga mtandaoni inapotea, kadi za MyTEAM zinapotea, na huwezi tena kupakua vikosi vilivyotengenezwa na mashabiki. Mwaka 2015 seva za 2K14 zilipozimwa mapema, watu walijikuta hawawezi kufungua hata kazi walizokuwa wakizicheza peke yao, kwa sababu zilikuwa zimehifadhiwa kwa kuunganishwa na seva. Kelele zikawa nyingi mpaka zikawashwa tena kwa muda. MyNBA iliyohifadhiwa nje ya mtandao haina hatari hiyo. Unapoianza, hakikisha umechagua isiyo ya mtandao.

Hapo pia ndipo pesa inapovujia. Kwenye MyCAREER mchezaji wako anaanza na uwezo wa 60, na kumpandisha unatumia sarafu ya ndani inayoitwa VC. Kumfikisha 85 kunakaribia VC 200,000, na kifurushi cha VC 200,000 kinauzwa karibu dola 50. Maana yake ni bei ya gemu ya pili. Unaweza kuzipata kwa kucheza, lakini polepole sana, na mwendo huo wa kobe umepangwa ili uchoke ununue. Sababu mojawapo ya ujasiri huu ni kukosa mshindani: NBA Live ya EA haijatoa toleo la mashine za gemu tangu NBA Live 19 mwaka 2018. Kwa mpango wako huhitaji hata VC moja. MyNBA haiombi.

Sasa laptopu yako, na hapa nitakuambia ukweli ulivyo. Matoleo ya kompyuta kuanzia 2K20 hadi 2K24 yaliridhika na kadi za kizamani kama GT 450. 2K25 ilipopanda daraja, mahitaji yalipanda nayo: kiwango cha chini kinakaa kwenye daraja la GTX 1060 yenye GB 6, RAM GB 8, na diski ya SSD. GTX 1650 yako ina GB 4. Nguvu yake ya kuchora haiko mbali na inayotakiwa, ila kumbukumbu yake ni ndogo, na hapo ndipo panapobana: picha za uwanja, jezi na watazamaji zisipoenea kwenye kumbukumbu ya kadi, zinahamia kwenye RAM ya kawaida, ambayo ni ya polepole, na gemu inaanza kukwamakwama hasa mwanzoni mwa mechi na wakati wa marudio. RAM GB 8 ikiwa kijiti kimoja inaongeza tatizo, kwa kuwa Windows yenyewe inakula sehemu yake. Kuongeza kijiti cha pili cha GB 8 ni gharama ndogo, na kutakusaidia hata kwenye kazi nyingine.

Inaweza kucheza, basi? Inaweza kuwa ya kuchezeka kwa picha za kiwango cha chini na ukubwa wa 720p, lakini sikuahidi. Kwa hiyo tumia haki ya kurudisha. Steam inarudisha fedha ikiwa hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa 2. Angalia mpangilio wa kujaribu, kwa sababu saa hizo zinakimbia hata ukiwa kwenye menyu. Sasisha kwanza programu ya kadi ya grafiki, chomeka chaja (laptopu ikiwa kwenye betri inapunguza nguvu), funga kivinjari, kisha fungua gemu uende moja kwa moja kwenye mipangilio ya picha: punguza watazamaji, vivuli na mng'ao wa sakafu kwanza, ndivyo vinavyokula zaidi. Cheza robo mbili za mechi ya mara moja, kisha fungua kipindi cha Jordan. Ikikwama, omba fedha yako siku hiyohiyo. Usianze na filamu za MyCAREER, zitakumalizia muda wa kujaribu. Na usishawishike na gemu za kunakiliwa zinazogawiwa kwenye flashi. Hazipokei masasisho, sehemu za mtandaoni hazifunguki, na nyingi zinakuja na virusi.

Kikwazo chako halisi ni bando. Tenga nafasi ya GB 150 kwenye SSD, na ujue upakuaji wa mara ya kwanza unapita GB 100. Usiufanye kwa bando la simu. Kama una rafiki mwenye gemu hiyo kwenye Steam, tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili bila kutumia intaneti. Wote mnafungua Steam, mnaunganisha kompyuta kwenye ruta moja, ikiwezekana kwa waya, kila mmoja anaruhusu kwenye mipangilio ya upakuaji kuhamisha gemu kwa mtandao wa ndani, kisha unabonyeza kupakua. Leseni lazima uwe umeinunua mwenyewe. Kinachookolewa ni bando. Ukimaliza, ifungue gemu mara moja ukiwa mtandaoni, pakua vikosi vya karibuni, ndipo uiweke Steam kwenye hali ya nje ya mtandao.

PS4 nayo ina mtego wake wa bando. Diski haimalizi kazi. Utapakua masasisho makubwa. Na PS4 inaposasisha gemu huinakili kwanza, hivyo inataka nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa gemu yenyewe. GB 500 zako, baada ya mfumo kuchukua zake, zinabaki kama GB 400, na 2K moja pamoja na nafasi ya kusasisha inaweza kumeza nusu. Kuna na suala la eneo. Tanzania na Kenya hazimo kwenye nchi unazochagua unapofungua akaunti ya PlayStation, kwa hiyo watu hutumia akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Diski itacheza kwenye PS4 yoyote, lakini nyongeza na VC lazima ziwe za eneo moja na diski. Mwenye akaunti ya Marekani akinunua diski ya Ulaya halafu akanunua VC, mara nyingi hazitaonekana ndani ya gemu. Diski iliyotumika, zawadi zake zinazofunguliwa kwa namba zimeshachukuliwa na mwenyewe wa kwanza. Na diski ya PS4 ukiiweka kwenye PS5 inabaki kuwa gemu ya PS4. Kipindi cha Jordan hakitatokea.

Kuhusu lini: siyo kwa bei kamili, wala siyo Septemba. Gemu hizi hushuka bei haraka kuliko nyingi. Mwishoni mwa Novemba, msimu wa punguzo la Marekani, nusu bei ni jambo la kawaida, na kufikia mechi za mtoano za Aprili hadi Juni hushuka zaidi ya hapo. Kwenye PS4, anayelipia PlayStation Plus wakati mwingine huipata bila kulipa zaidi: 2K20 iligawiwa Julai 2020 na 2K25 Juni 2025. Anayecheza mtandaoni hupoteza kitu akichelewa, maana wenzake wameshajenga wachezaji wao na seva zinahesabu siku. Wewe wa MyNBA ya peke yako hupotezi chochote. Unapata hata toleo lililokwisha kurekebishwa makosa ya mwanzo.

Kwa mashine zako, ningekwenda hivi: acha diski ya 2K26 ya PS4. Ongeza RAM ya laptopu, ngoja punguzo la Steam, chukua 2K25 au 2K26, yoyote itakayokuwa rahisi siku hiyo. Kwa kipindi cha Jordan tofauti kati yao haitoshi kulipia mara mbili, ingawa 2K26 ina miguu inayokanyaga vizuri zaidi na vikosi vipya. Laptopu ikishindwa, rudisha, na ununue 2K23 iliyotumika ya PS4 kwa ajili ya zile mechi 15, huku ukiweka akiba ya PS5. PS5 iliyotumika pamoja na diski ya 2K24 kuukuu itakupa vipindi vya kihistoria vyote isipokuwa cha Curry.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Kama PS4 inakutoa kwenye gemu ikiandika CE-34878-0 mara kwa mara, na umeshaifuta gemu ukaiweka upya na bado inarudi, hasa kama inatokea kwenye gemu zaidi ya moja, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupima diski kuu. Huenda inakufa, na data zako zinaweza kuhamishwa ikiwa utawahi. Feni ikipiga kelele kama inataka kuruka, au laptopu ikizima yenyewe katikati ya mechi, mwombe fundi aisafishe vumbi na kubadilisha mafuta ya joto juu ya chipu, na usimame hapo akiifungua. Na kama nyumbani kuna kijana anayechukua hela za M-Pesa au kadi ya mzazi kununua pakiti za MyTEAM, na anashindwa kuacha hata baada ya kukaripiwa, ondoa kadi kwenye akaunti leo, weka nenosiri la ununuzi, kisha mkae na mshauri nasaha ana kwa ana. Pakiti zile zina mfumo wa bahati nasibu ndani yake, na anayenaswa na bahati nasibu anahitaji mtu wa kumsikiliza uso kwa uso.